Siling ya bafu kwenye nyumba ya zamani: shughulikia unyevu kwanza, jipsamu baadaye

Nyumba za zamani za Arusha, Lushoto, Iringa huko, ukiingia bafuni unakuta siling bodi ina madoa meusi, mwenye nyumba anaita fundi inapigwa rangi nyeupe safi, masika ikiisha madoa yale yale yamerudi. Ukungu haufi kwa rangi jamani. Chakula unacho tayari, mbao na karatasi ya jipsamu, unachosubiri ni unyevu tu. So kabla hujanunua bodi hata moja, jua maji yanatoka wapi.

Panda juu ya siling mchana bila taa, penye mwanga kwenye bati ndio pana tundu, mara nyingi ni la msumari. Cheki na simtanki kama liko huko, na maungio ya bomba. Ila kama siling inalowa hata kiangazi, hasa asubuhi watu wakishaoga, bati halina kosa: mvuke wa shawa ya moto unapanda, unapenya kwenye mianya, unakutana na bati lililopoa usiku kucha, unageuka maji na kudondoka. Mafundi wengi hapa wanahangaika kupaka lami juu ya bati bure.

Kubomoa sasa. Bodi ngumu ya kijivu kama saruji inaweza kuwa asbesto, hiyo usivunje wala usipige msasa, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu, tafuta wataalamu. Siling bodi ya kawaida ilowanishe kidogo vumbi lisiruke, vaa barakoa ya N95 na glavu, kata kuvuka doa kama sentimita 30, funga kwenye mfuko. Mbao zilizooza toa, nzima sugua kwa sabuni uziache zikauke kabisa hata kama fundi ana haraka. Jiki ni nzuri kwenye tailzi, kwenye mbao inaishia juu juu, na usije ukaichanganya na siki au dawa ya choo, inatoa gesi ya klorini.

Bodi mpya iwe PVC (ya plastiki) au jipsamu ya kijani, ambayo inahimili unyevu lakini ikivujiwa inaharibika vilevile. Mi naenda na PVC, ila kingo ziba na silikoni, la sivyo ukungu unaota nyuma yake huku wewe unaona peupe.

Pesa hasa weka kwenye feni ya kutoa hewa. Bafu la mita 2 kwa 2.5, kimo 2.6, ni mita za ujazo 13, zidisha mara 8 ili hewa yote ya bafu ibadilike mara 8 kwa saa, unataka feni ya kama mita za ujazo 104 kwa saa au zaidi. Bomba lake litoke nje kabisa, likiishia juu ya siling umehamisha tatizo tu. Chini ya mlango acha upenyo wa sentimita moja hewa iingie, na feni iendelee dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga, kwa hiyo fundi umeme aipe swichi yake, maana ikiungwa na ya taa, mtu akizima taa nayo inazima.