Ofa ya avgasi: piga hesabu hizi kabla hujawasha injini kuifuata

Wandugu mnaoruka ndege ndogo huku Marekani, swali hili naulizwa karibu kila wikendi, "uwanja fulani wameshusha bei ya avgasi (petroli ya ndege ndogo), twende?" na mi jibu langu ni lile lile, subiri kwanza tupige hesabu, manake bei uliyoiona kwenye simu na hela itakayokutoka kweli ni vitu viwili tofauti. Ofa nazipenda na nazitumia, ila nimeona watu wanaruka saa nzima kufuata punguzo wakarudi wamelipa zaidi ya ambao hawakutoka nyumbani.

Anza na bei yenyewe. Ukifungua tovuti ya AirNav au programu ya marubani ya ForeFlight utaona bei za kila uwanja, lakini angalia na tarehe iliyoandikwa pembeni, kuna bei zingine zimekaa hapo wiki kadhaa hakuna aliyezigusa. Alafu angalia kama ni bei ya pampu ya kujihudumia au ya lori linalokufuata mpaka ilipo ndege, hizo mbili kwenye uwanja mmoja zinaweza kupishana dola nzima, na ofa nyingi ni za pampu. Kisha piga simu, usione aibu, uliza kwa mkupuo: ofa ipo mpaka lini, kuna idadi ya chini ya galoni, kuna ada ya kuegesha, na pampu inafanya kazi leo? Hilo la mwisho usiliruke, nitaeleza huko chini kwa nini. Soma na NOTAM za uwanja huo, yaani matangazo rasmi kwa marubani, mafuta yakiisha mara nyingi huandikwa humo.

Sasa hesabu. Tuseme kwenye uwanja wa nyumbani galoni ni dola 6.60 na kwenye ofa ni 5.40, tofauti dola 1.20, inavutia kabisa. Uwanja wenyewe uko maili 45 za baharini, na we una Cessna 172, ndege ya viti vinne, inayokunywa kama galoni 8.5 kwa saa. Kwenda ni dakika kama 25, kurudi vile vile, weka ndege kutembea ardhini, kupanda, kuzunguka kabla ya kutua, pande zote mbili, unafika saa 1.1 hivi, yaani galoni tisa na nusu. Ukizipigia kwa wastani wa dola 6 hizo ni dola 57. Ukijaza galoni 30 umeokoa dola 36. Kwa hiyo umetumia 57 kuokoa 36, na hapo hujagusa injini. Ili tu hela irudi ingebidi ununue galoni 47 na kitu, wakati toleo la 172N lenye matenki ya kawaida ina galoni 40 tu zinazotumika, kwa hiyo haiwezekani hata ukitua matenki yamekauka kabisa. Na injini nayo ina umri wake, Lycoming O-320 iliyo kwenye 172N imepangiwa saa 2,000 kati ya ukarabati mkubwa, ukikadiria ukarabati wa dola 30,000 basi kila saa inakula dola 15, hizo hazionekani kwenye risiti lakini zinakuja.

Ofa inalipa wapi? Inalipa pale ambapo ungeruka hata kama isingekuwepo. Unasafiri mahali na uwanja wa ofa uko njiani, au unataka kutimiza kule kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 ili uruhusiwe kubeba watu, au unamzoesha mtu viwanja vigeni, basi nenda ukajaze hapo, mafuta ya safari ungeyachoma tu. Mi kipimo changu ni hiki: ningeenda huko leo bei ingekuwa sawa na ya nyumbani? Kama hapana, nabaki.

Mnaokodi ndege soma vizuri mkataba. Klabu nyingi zinakukodisha kwa bei ambayo mafuta yako ndani, ukijaza kwingine unaleta risiti wanakurudishia, ila si zaidi ya bei ya galoni ya pale kwao. Maana yake ukijaza kwa bei ghali tofauti inatoka mfukoni mwako, na ukijaza kwa ofa wanakurudishia kile tu ulicholipa, faida ni ya klabu. Kwa hiyo kwa anayekodi namna hii ofa ni kinga ya kutopata hasara safarini, kuifuata makusudi haina maana. Ukikodi bila mafuta hapo ndo ofa ni yako.

Jingine ambalo watu hawalifikirii, marafiki wakichangia. Sheria ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kifungu cha 61.113, inasema rubani mwenye leseni ya binafsi hawezi kulipa chini ya fungu lake la gharama za safari, na gharama zenyewe ni mafuta, oili, ada za uwanja na kukodi ndege, basi. Mkiwa watatu fungu lako ni theluthi. Sasa ukijaza kwa 5.40 gawa kwa 5.40, usiwapigie wenzio bei ya nyumbani ya 6.60 alafu ukakaa na chenji, hapo umeshaanza kulipwa kurusha watu na leseni yako hairuhusu. Tunza risiti.

Haya, hili la pampu. Mwaka juzi nilipita uwanja mmoja wenye mafuta, nikauacha kwa sababu dakika 35 mbele kulikuwa na ofa senti 90 chini. Nafika jua linazama, natembea mpaka kwenye pampu, kioo cha mashine ya kadi kimezima kabisa, ofisi imefungwa, namba iliyobandikwa mlangoni inaita haipokelewi. Kwenye matenki nilikuwa na mafuta ya saa moja na robo hivi, uwanja mwingine uko dakika 25 na giza linaingia. Usiku sheria inataka ubaki na akiba ya dakika 45, mchana 30. Nilifika salama nikiwa na kama dakika 50, yaani dakika tano juu ya kiwango, na mkono wangu kwenye usukani ulikuwa unatetemeka, yote hiyo kwa dola 27. Tangu siku ile akiba yangu ni saa nzima, mchana au usiku, na sifuati ofa kama njiani sina uwanja mwingine wenye mafuta ninaoweza kuufikia bila kugusa hiyo saa. NTSB, wachunguzi wa ajali wa serikali, walishaonya, kati ya 2011 na 2015 ajali zilizotokana na usimamizi mbovu wa mafuta zilikuwa zaidi ya 50 kwa mwaka kwa wastani huku Marekani. Mafuta ya bei rahisi yasikufanye upite mafuta yaliyopo.

Na kinyume chake pia kipo, mtu anafika kwenye ofa anajaza mpaka shingoni kwa sababu ni rahisi. Galoni moja ya avgasi ni paundi 6. Chukua 172N, uzito wa juu wa kurukia ni paundi 2,300, tuseme ndege tupu ni 1,450, umebaki na 850, galoni 40 zinakula 240, watu na mizigo wanabaki na 610. Watu wazima wanne wa paundi 180 ni 720, haiendi. Ukiwa umewahi kuruka Wilson pale Nairobi, zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, unajua ndege nzito kwenye joto inavyokataa kupanda, Colorado nako ni hivyo hivyo. Jaza kinachotosha safari na akiba, basi.

Kwenye pampu yenyewe: funga waya wa kutoa umeme tuli kabla hujafungua kifuniko, hakikisha pampu imeandikwa 100LL, ndo avgasi ya kawaida, na siyo Jet A ya ndege za jeti, na ukimaliza chota sampuli chini ya matenki, iwe ya bluu na isiwe na maji. Toleo la 172S lina sehemu 13 za kuchota, zote, usichague. Viwanja vingine bei iko chini kwa sababu wanauza petroli ya magari, na vingine vina UL94, avgasi isiyo na madini ya risasi, hiyo siyo ofa, ni mafuta mengine, injini yako lazima iwe na kibali cha maandishi, na petroli yenye ethanoli usiiguse. Ukishajaza sogeza ndege pembeni ndo uende kula, siku ya ofa kuna foleni nyuma yako. Na viwanja vingi vya hivi havina mnara wa kuongoza ndege, kwa hiyo kwenye redio taja jina la uwanja mwanzo na mwisho, masafa yale yale yanatumiwa na viwanja kadhaa.

Sasa upande wa viwanja vidogo, hapa naomba mnisikilize kwa sababu mi nina uchungu navyo. Uwanja mdogo wa kaunti hauna mashirika ya ndege ya kuyatoza, pesa yake ni kodi ya mahanga (mabanda ya ndege) na kile kidogo wanachopata kwenye kila galoni. Ndo inakata nyasi, inabadilisha taa za njia ya kurukia, inaweka choo wazi usiku. Lori la mafuta linaleta kama galoni 8,000 kwa mkupuo, na uwanja wenye ndege 20 unaweza kuchukua miezi kuzimaliza, bei ikiwa ile ya siku waliyonunua. Kwa hiyo ukiona viwanja jirani vinapishana dola nzima usikimbilie kusema huyu mwizi, inawezekana kanunua wakati bei iko juu na mwenzie kanunua juzi. Ofa nayo mara nyingi ni meneja anataka tenki lipungue mzigo mpya uje, au anataka ndege zionekane pale, mgahawa uuze, mtu akodi hanga. Hiyo ni ofa nzuri na inaupa uwanja uhai. Inayoniumiza ni pale uwanja mmoja unauza bila faida muda mrefu, jirani anashindwa, anafunga pampu, na sisi wote tunabaki na pampu moja eneo zima, ikiharibika jioni ndo yale yaliyonikuta.

Kwa hiyo mi nyumbani kila mwezi nanunua angalau galoni 20 hata kama kwingine ni rahisi, naichukulia kama mchango wa taa. Na kama unataka ofa iwe kwenu, usilalamike kwenye benchi la hanga, nenda kwa meneja umuulize mzigo unaofuata unakuja lini, kusanya wenye ndege kumi mwandike kila mmoja atanunua galoni ngapi kwa miezi mitatu, mumpelekee ile karatasi. Masharti ya misaada ya FAA kwa viwanja yanaruhusu punguzo kwa wanaonunua kwa wingi ilimradi liwe la haki na lisibague. Pale kwetu tulifika galoni 1,100 kwa watu wanane, akatupunguzia senti 40, na hakuna aliyelazimika kuruka popote kuzifuata.