Namna ya kuchambua fainali kwa daftari na penseli: Milan na Liverpool, Istanbul 2005

Kijana mmoja anayefundisha timu ya watoto mtaani kwetu aliniomba nimwelekeze kuchambua mechi. Nikamuuliza: kwa nini Milan walirudishiwa mabao matatu kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2005? Akajibu kama wengi wanavyojibu: Majogoo, yaani Liverpool, walicheza kwa roho. Nikamwambia roho haichoreki, anionyeshe kwenye karatasi nani alisimama wapi. Tulivyofanya baada ya hapo ndivyo ninavyoandika hapa, kwa ajili yake na kwa yeyote anayetaka kuacha uchambuzi wa "walitaka zaidi".

Hatua ya 1: Chukua mechi ambayo matokeo yake unayajua

Mechi mpya inakuteka. Unashangilia, unalaumu, na penseli inabaki mezani. Hii ya Istanbul, tarehe 25 Mei 2005, kila mtu anajua ilivyokwisha: 3-3, kisha Liverpool 3-2 kwa matuta. Wakubwa wenzangu wataikumbuka na saa yake pia, maana Istanbul wakati huo ilikuwa sawa na saa zetu. Mpira ulianza saa 3:45 usiku, na kwa muda wa nyongeza na matuta ukavuka saa sita.

Tafuta mechi nzima. Ile mikanda ya dakika kumi ya mabao matupu haitakusaidia, kwa sababu mtu aliyeikata amekwisha kukuamulia kipi ni muhimu.

Hatua ya 2: Vifaa

Daftari la hesabu lenye viboksi, penseli, kifutio. Viboksi vinakusaidia kuchora uwanja ule ule kila ukurasa bila rula. Zipo programu za kuchorea mishale kwenye simu, na kuna watu wanazisifu. Mimi sizitaki: unamaliza muda ukichagua rangi ya mshale wakati mchezaji uliyekuwa unamfuata ameshahama. Peni nayo iache.

Zima sauti. Mtangazaji anafuata mpira, na wewe hukuja kufuata mpira.

Hatua ya 3: Vikosi

Andika namba za jezi, siyo majina, ndiyo utakazoziona ukiwa mbali.

Milan, jezi nyeupe: Dida, Cafu 2, Stam 31, Nesta 13, Maldini 3, Pirlo 21 chini, Gattuso 8 na Seedorf 20 pembeni yake, Kaká 22 juu, Shevchenko 7 na Crespo 11 mbele. Viungo wanne wa kocha Ancelotti wamekaa umbo la almasi: mmoja chini, wawili pembeni, mmoja juu.

Liverpool, nyekundu: Dudek, Finnan 3, Carragher 23, Hyypiä 4, Traoré 21, Luis García 10, Gerrard 8, Alonso 14, Riise 6, Kewell 7 nyuma ya Baroš 5.

Tahadhari kwa sisi tuliokua tukiita nafasi kwa namba. Riise amevaa 6 lakini anacheza winga ya kushoto. Baroš amevaa 5 na ni mshambuliaji. Yule kijana aliona "namba tano" imekaa mbele akadhani beki amepanda. Futa kichwani namba za zamani, andika herufi ya jina pembeni mwa namba ikibidi.

Hatua ya 4: Kipindi cha kwanza

Hapa pita haraka, andika dakika na chanzo cha kila tukio, siyo mwisho wake. Dakika ya 1: Traoré anamchezea faulo Kaká, Pirlo anapiga, Maldini anaunganisha. Chanzo ni faulo. Dakika ya 23: Kewell anatoka kwa maumivu, anaingia Šmicer, jezi 11. Dakika ya 39: Liverpool wanadai Nesta ameushika mpira ndani ya boksi, mwamuzi Mejuto González anapeta, na shambulizi lile lile linageuka kuwa kaunta: Kaká, Shevchenko, Crespo, bao. Dakika ya 44: Kaká anageuka na mpira, Gerrard anaachwa, pasi ndefu inapita katikati ya mabeki, Crespo anamnyanyulia Dudek kwa mguso mmoja.

Ukimaliza tazama safu ya vyanzo. Jina la Kaká limo kwenye mabao yote matatu. Sasa rudi kwenye mchoro uhesabu: katikati Milan wana wanne, Liverpool wana Gerrard na Alonso, kwa sababu Riise na García wamevutwa pembeni. Kaká anapokea mpira nyuma ya migongo ya wale wawili na mbele ya Hyypiä na Carragher, mahali pasipo na mwenyeji. Hilo ndilo tatizo ambalo Benítez, kocha wa Liverpool, alitakiwa kulitatua chumbani.

Hatua ya 5: Kupata umbo la Liverpool baada ya mapumziko

Hii ndiyo hatua inayokula jioni nzima, kwa hiyo kaa nayo.

Kinachojulikana ni kwamba Finnan alitoka, akaingia Hamann, jezi 16. Beki wa kulia katoka, kiungo mkabaji kaingia. Wengi wanaishia kuandika "akaongeza kiungo" halafu wanaendelea. Lakini nani sasa ni beki wa kulia? Hakuna. Na ukisimamisha picha ovyo ovyo utapata jibu tofauti kila mara: mara mabeki wanne, mara watano, mara watatu. Kijana wangu alikuwa na michoro ya kila aina kwenye ukurasa mmoja, na kila mmoja ulikuwa kweli kwa sekunde ile.

Dawa ni kusimamisha picha pale tu mpira unaposimama, na siyo kila mpira uliosimama. Goli kiki ya mpinzani ndiyo bora kuliko zote. Dida akiweka mpira chini, Liverpool wote wanarudi mahali walipoambiwa wakae, na kamera inafunguka ikionyesha eneo kubwa. Chora hapo. Subiri goli kiki nyingine, chora tena bila kutazama mchoro wa kwanza. Michoro ikifanana mara tatu, umepata umbo la timu ikiwa haina mpira. Kisha fanya hivyo hivyo Dudek anapokuwa na mpira mkononi, upate umbo la timu ikiwa nao.

Mahali pa kutojiamini:

Usichore wakati kipindi kinaanzishwa. Wote wako kwenye nusu yao na kila timu inafanana na nyingine.

Usichore baada ya kona. Hyypiä ni mrefu, anapanda kila kona, na anarudi kwa mwendo wake. Ukimkuta mbele utadhani timu ina washambuliaji wawili.

Usichore sekunde chache baada ya marudio ya televisheni. Wakati wewe unaonyeshwa faulo kwa mwendo wa polepole, mpira umeshaanza na watu wameshahama.

Usiamini mchoro wa kikosi unaowekwa kwenye skrini kabla ya mechi. Ule ni wa kuanzia tu, na mitandaoni utaukuta umenakiliwa kama ndio uliochezwa dakika 120.

Na usimtafute mchezaji kwa sura. Tafuta aliye karibu zaidi na mstari wa pembeni, kulia na kushoto. Hao wawili ndio wanaokuambia mfumo. Kushoto utamkuta Riise, na kulia utamkuta Šmicer, mtu ambaye kwa kawaida ni kiungo mshambuliaji. Hapo ndipo fumbo linafunguka. Nyuma wamebaki watatu: Carragher kulia, Hyypiä katikati, Traoré kushoto. Hamann na Alonso wako mbele yao. Gerrard na García wamesogezwa juu, nyuma ya Baroš. Kwa hiyo ni 3-4-2-1 wakiwa na mpira, na wakiupoteza Riise na Šmicer wanashuka, nyuma wanakuwa watano. Chora michoro miwili, kwa sababu yote miwili ni ya kweli. Anayekuuliza "ni watatu au watano?" mjibu: nani ana mpira?

Sasa linganisha na tatizo la hatua ya 4. Sehemu ile isiyokuwa na mwenyeji amekaa Hamann. Kaká akigeuka anakutana na mtu. Katikati ni wanne kwa wanne, na Gerrard hana tena kazi ya kutazama nyuma.

Lakini usimpe Hamann kila kitu. Kipindi cha pili kilipoanza Milan bado walikuwa wanatishia, na Dudek aliokoa mpira wa adhabu mkali wa Shevchenko kabla Liverpool hawajapata bao hata moja. Mabadiliko ya mfumo yalifungua mlango, bado ilibidi mtu apite.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima: kushoto unachokiona, kulia ulichosikia. Kwamba Benítez alikusudia kumtoa Traoré, na kwamba Finnan ndiye aliyetolewa baada ya madaktari kusema ameumia, ni habari ya kweli na inaeleza mengi, ila hukuiona kwenye picha, basi iende kulia. Zile hadithi za Milan kushangilia chumbani wakati wa mapumziko, ambazo wachezaji wao wamezikanusha, nazo huko huko kulia, na alama ya kuuliza.

Hatua ya 6: Dakika sita

Dakika za 54, 56 na 60. Kila bao lirudishe nyuma mpaka mpira ulipopatikana.

La kwanza: Riise anapiga krosi, Cafu anaizuia, mpira unamrudia, anapiga tena, Gerrard anafunga kwa kichwa. Jiulize Riise amepataje nafasi ya krosi mbili. Milan hawana mawinga. Almasi imejaa katikati, pembeni Cafu yuko peke yake.

La pili: Šmicer anapiga shuti kutoka mbali, Baroš anakwepa usimgonge. Tena mtu wa pembeni.

La tatu ndilo ninalolipenda. Watu wanakumbuka Gattuso akimwangusha Gerrard, Alonso akipiga penalti, Dida akiipangua, Alonso akimalizia kwa mguu wa kushoto. Rudisha picha nyuma kidogo. Aliyepanda na mpira kutoka nyuma na kumpa Baroš, ambaye akamgusia Gerrard, ni Carragher. Beki wa kati! Kwenye mfumo wa mabeki wawili wa kati asingethubutu. Wakiwa watatu, mmoja anaweza kupanda na wawili wakabaki.

Hatua ya 7: Saa nzima ambayo watu huisahau

Kuanzia dakika ya 60 mpaka ya 120 hakuna bao, kwa hiyo wachambuzi wengi wanafunga daftari. Usifunge, kwa sababu hapa Milan walirudi mchezoni. Traoré aliondoa mpira wa Shevchenko kwenye mstari. Dakika ya 86 Ancelotti alimwingiza Serginho mahali pa Seedorf, na hatimaye Milan wakapata mtu wa kukimbia pembeni, kushoto, upande ule ule alikokuwa Šmicer. Rudi kwenye kanuni ya goli kiki uone Benítez alijibu vipi: Gerrard, nahodha, mfungaji, anahamia kulia kumkaba Serginho. Aliyekuwa akishambulia nyuma ya Baroš saa moja iliyopita sasa ni beki wa pembeni. Ukitaka kumfundisha kijana maana ya kujituma kwa ajili ya timu, mwonyeshe dakika hizo badala ya kile kichwa.

Dakika ya 117 Serginho anapiga krosi, Shevchenko anapiga kichwa, Dudek anaokoa, mpira unamrudia Shevchenko hatua chache tu kutoka golini, Dudek anaokoa tena. Hapo sina mchoro wa kukupa.

Hatua ya 8: Matuta

Orodha inatosha. Serginho alipaisha, Hamann alifunga, Pirlo aliokolewa, Cissé wa Liverpool alifunga, Tomasson wa Milan alifunga, Riise aliokolewa, Kaká alifunga, Šmicer alifunga, Shevchenko aliokolewa. Utamwona Dudek akicheza cheza kwenye mstari, kwa ushauri wa Carragher aliyemkumbusha alivyofanya Grobbelaar, kipa wa zamani wa Liverpool, kwenye matuta ya fainali kule Rome 1984, na utamwona akisogea mbele kabla Pirlo hajapiga. Andika, lakini usimhukumu kwa ukali wa waamuzi wa video wa leo.

Hatua ya 9: Andika

Anza na tatizo la Milan kuwa wanne katikati, halafu jibu la Benítez, halafu jibu la Ancelotti, halafu Gerrard kulia. Mabao yaingie yanapohitajika tu. Kurasa mbili zinatosha. Zikizidi, umeanza kusimulia.

Ukimaliza, fungua ukurasa mpya ufanye Athens, 23 Mei 2007, timu zile zile. Milan walishinda 2-1, Inzaghi akifunga yote mawili na Kuyt akirudisha moja mwishoni. Safari hii anza na swali la Kaká: nani amewekwa pale alipowekwa Hamann, na alikuwepo tangu dakika ya ngapi?