Jinsi ya kudai fidia WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) kama mkono umeharibiwa na kazi, si ajali

Kama mashine imekukata kidole, mwongozo huu haukuhusu sana. Yako kila mtu ataielewa. Huu ni wa sisi ambao kwetu "hakuna kilichotokea": hakuna damu, hakuna shahidi, hakuna siku ya tukio. Washonaji wa viwandani, makarani wa kuingiza data, makeshia, wabangua korosho. Mkono unaanza na ganzi usiku, unaukung'uta inaondoka, unasema nimeulalia vibaya. Baadaye unashindwa kufunga vifungo vya shati la mtoto.

Mimi nashona kola. Kola ile ile, mkono ule ule, na katikati mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Nimemaliza kudai juzi, na muda wangu mwingi ulipotea sehemu mbili tu: kwa daktari na kwa HR, yaani ofisi ya rasilimali watu. Kwingine nitapita haraka.

Kwanza ujue una haki gani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara, wa serikalini na wa binafsi, na inafidia ajali pamoja na magonjwa yatokanayo na kazi. Neno la kushika hapo ni magonjwa. Mchango wa Mfuko anaulipa mwajiri, 0.5% ya mishahara, na haruhusiwi kuukata kwako. Kwa hiyo ukidai hujaomba hela ya bosi, hata kama utaangaliwa hivyo.

Taarifa kazini. Andika barua, hata nusu ukurasa: jina, kazi, mkono upi, dalili zipi, unafanya nini muda mwingi wa zamu. Mpe msimamizi, nakala ipigwe mhuri au isainiwe na tarehe. Kumwambia kwa mdomo pale kwenye laini hakuna faida. Msimamizi atakujibu "pole, mama, paka dawa ya kuchua", na hapo ndipo taarifa yako itakapozikwa.

Daktari. Hapa soma taratibu, maana dai zima linasimama au kuanguka kwenye karatasi yake.

Ukienda zahanati ya karibu ukasema mkono unauma, utaandikiwa "maumivu ya mkono", dawa za kutuliza na mapumziko. Maumivu ya mkono ni dalili, si ugonjwa, na dalili hailipwi. Omba rufaa ufike hospitali yenye daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu. Hospitali niliyokwenda mimi ilikuwa na foleni ya kuchukua namba ya kupangia foleni, na mtandao ukawa "unasumbua kidogo" mpaka dirisha likafungwa. Beba maji na kitafunwa.

Ukishaingia, usianze na maumivu. Anza na kazi. Mwonyeshe kwa vitendo: hivi ndivyo ninavyoshika, hivi ndivyo ninavyopinda, hivi ndivyo ninavyokata, na ni zamu nzima. Wangu alinikunjisha vifundo vyote viwili, migongo ya viganja ikagusana, vidole vikaangalia chini, akatazama saa. Kipimo chenyewe ni cha dakika moja. Haikuisha, ganzi ikaingia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na upande mmoja wa kidole cha pete. Cha mwisho kikabaki kizima. Mpangilio huo ndio unaomwambia kwamba mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo umebanwa. Kama maumivu yako yako chini ya kidole gumba, huenda ni ugonjwa wa De Quervain, ala za kano zimevimba. Utaambiwa ufumbate gumba ndani ya ngumi kisha uinamishe ngumi upande wa kidole cha mwisho, na ukipiga kelele jibu limepatikana. Kama ni nje ya kiko cha mkono, ni kano za pale. Yote haya yamo kwenye orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, toleo la 2010. Mtu akikuambia hayo si magonjwa ya kazi, mtajie.

Omba pia kipimo cha mwendo wa umeme kwenye mishipa ya fahamu kama kinapatikana. Si kila hospitali inacho, ila kinatoa namba, na namba haibishiwi kama maumivu. Halafu pima sukari, na kina mama mtaulizwa kuhusu ujauzito. Kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, baridi yabisi na mimba vyote vinaweza kubana mshipa ule ule. Anayetathmini dai lako analijua hilo. Afadhali majibu ya sukari ayakute ndani ya faili kuliko faili lirudi kwako kuyatafuta.

Sasa ripoti yenyewe. Kabla hujanyanyuka kitini, hakikisha ina vitu vitatu: jina la ugonjwa, tarehe ulipogunduliwa kwa mara ya kwanza, na sentensi inayosema ugonjwa umesababishwa au umezidishwa na kazi ya kurudia mwendo fulani. Bila sentensi ya tatu una cheti cha ugonjwa tu, na wagonjwa tuko wengi nchini. Madaktari wengine wanaogopa kuiandika, wanadhani wataitwa mahakamani. Mwombe kwa adabu: "Daktari, naomba uandike na kazi niliyokueleza." Wangu aliguna, akaandika.

Tarehe ya kugunduliwa ndiyo inayojibu lile swali la fomu linalotutoa jasho: ilitokea lini? Usibuni siku ya ajali ili kujaza nafasi. Chukua fomu ya ugonjwa, si ya ajali, uweke tarehe ya daktari. Na ukumbuke dai lina ukomo wa miezi 12, kwa hiyo usiikalie hiyo ripoti.

Risiti zote ziwe halisi, za EFD (mashine ya risiti ya kodi), zenye jina lako. Ule mkanda mgumu wa kuvaa kifundoni usiku ukiununua, dai risiti yake. Hiyo ya kuandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la dawa itabaki kumbukumbu yako binafsi.

HR. Taarifa kwa Mfuko anaitoa mwajiri, na sheria haimpi miezi, inampa siku. Wetu alinipokea vizuri sana, akaliweka faili juu ya faili jingine, na kila nikipita namwona ana kikao. Baadaye ikaja hoja kwamba mbona wenzako wanashona na hawaumwi. Usibishane. Peleka barua ya pili inayoitaja ya kwanza kwa tarehe yake, na useme kwamba asipotuma taarifa utaipeleka mwenyewe ofisi ya Mfuko pamoja na nakala zenye mhuri. Barua yangu ilijibiwa haraka kuliko salamu zangu zote.

Wakati HR "anashughulikia", wewe kusanya ushahidi wa kazi. Maelezo ya kazi yaliyomo kwenye mkataba, mahudhurio, hati za mshahara za miezi ya karibuni, na majibu ya upimaji wa afya wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) kama mlipimwa ulipoanza kazi, maana yanaonyesha uliingia na mkono mzima. Ukiruhusiwa, mwenzako akurekodi kwa simu dakika moja ukiwa kazini, mikono tu. Video hiyo ilimaliza maswali mengi kwangu.

Kwa Mfuko. Wakikubali kwamba ni ugonjwa wa kazi, gharama za matibabu ni za kwao. Ukipumzishwa kazi kwa muda, fidia ni 70% ya mshahara, na ukomo ni miezi 24. Ukishatibiwa mpaka mkono hautarajiwi kupata nafuu zaidi ndipo unafanyiwa tathmini ya ulemavu wa kudumu: ikiwa ni 30% au chini unalipwa kwa mkupuo, ikizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Mikono ya aina yetu mara nyingi huangukia chini ya 30, kwa hiyo usijenge nyumba kichwani. Siku ya tathmini usijikaze. Ukiambiwa ufinye vidole, finya kadiri unavyoweza na useme panapouma.

Uliza pia kuhusu utengamao, yaani kusaidiwa kurudi kwenye kazi na maisha ya kawaida, maana wengi hawaulizi. Ni miongoni mwa mafao saba ya Mfuko, na kwa anayeshindwa kurudi kwenye mashine ile ile ni msaada kuliko hela ya mkupuo.

Usiporidhika na uamuzi, una nafasi ya kuomba upitiwe upya, kwa maandishi, ukiambatanisha ripoti mpya ya daktari.

La mwisho, akaunti ya benki. Jina lifanane herufi kwa herufi na la NIDA, yaani kitambulisho cha taifa. Kama benki wewe ni Mwanahawa na NIDA ni Mwanaawa, rekebisha leo kabla hujapeleka chochote.