Mti wa Krismasi Baada ya Sikukuu: Mwongozo kwa Tunaoishi Ughaibuni

Mti wa Krismasi uliokatwa huendelea kukauka kila siku unayouacha sebuleni, na majani yake ya sindano yaliyokauka hushika moto kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo utoe nje mara sikukuu zinapokwisha, hata kama siku ya kuzolewa haijafika.

Tarehe hiyo ndiyo inayowaponyoka wengi wetu, hasa katika mwaka wa kwanza ugenini. Miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini huzoa miti kwa majuma machache tu ya Januari, au huwataka wakazi waipeleke wenyewe kwenye vituo maalumu. New York, kwa mfano, huandaa Mulchfest, ambapo miti hupelekwa kwenye bustani za umma na kusagwa kuwa matandazo ya kufunika udongo. Tafuta ratiba ya manispaa yako mapema, na kama umepanga katika jengo la ghorofa, muulize msimamizi ni wapi mti unaruhusiwa kuwekwa, kwa maana kuutelekeza kando ya barabara nje ya siku zilizotangazwa kunaweza kukuletea faini.

Mti unaopokelewa ni mti mtupu. Ondoa mapambo, nyuzi za kumetameta, taa, kitako, wavu na mfuko wa plastiki, kwa sababu waya mmoja uliosahaulika unaweza kuharibu mashine ya kusaga, na plastiki iliyosagwa pamoja na matawi huishia kwenye udongo wa bustani ya mtu mwingine. Mti uliopuliziwa theluji bandia mara nyingi hukataliwa, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kutoununua. Taa zilizoharibika zipeleke kwenye taka za vifaa vya umeme. Unapoushusha mti kwa ngazi au lifti, uzungushie shuka kuukuu ili majani yasitapakae njia nzima.

Juhudi hizi zina maana kubwa. Taasisi ya Carbon Trust ya Uingereza ilikadiria kwamba mti halisi wa mita 2 unaotupwa dampo husababisha gesi joto zinazolingana na kilo 16 za kaboni dioksidi, kwa kuwa huoza pasipo hewa na kutoa methani, ilhali ukisagwa au kuchomwa ni takriban kilo 3.5 tu. Mti wa plastiki wa urefu huohuo ulikadiriwa kuwa kilo 40, na kwa kawaida haurejelezeki kwa sababu plastiki yake imeshikamana na chuma. Mwenye nao autunze kwa miaka mingi, na akiuchoka ampe mwingine ungali mzima.

Miti halisi ina kazi hata baada ya kufa. Huko Lytham St Annes, kwenye pwani ya Lancashire nchini Uingereza, watu wa kujitolea huifukia kwa safu ufukweni ili inase mchanga unaopeperushwa na upepo na kujenga upya matuta yanayoikinga nchi kavu dhidi ya bahari. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, nako miti imepangwa ndani ya uzio majini ili kupunguza nguvu ya mawimbi yanayomomonyoa ardhi oevu.

Ukiwa na bustani, huhitaji kusubiri gari la taka. Kata matawi uyalaze juu ya mimea inayodhuriwa na baridi kali, kisha uyaondoe majira ya kuchipua yanapoanza. Wengi huogopa kwamba sindano zitautia udongo asidi. Zikishakauka athari yake ni ndogo mno, ila huchelewa kuoza, hivyo zichanganye na majani mengine kwenye mboji. Usiuchome mti ndani ya nyumba, kwani utomvu wake huacha kwenye bomba la moshi masizi yanayonata, ambayo baadaye yanaweza kulipuka moto.

Aliyenunua mti wenye mizizi ndani ya chungu asiutoe ghafla kutoka kwenye joto la sebule hadi kwenye barafu. Auweke kwanza kwa siku kadhaa mahali penye ubaridi wa wastani, kama vile kibarazani, huku akihakikisha kwamba udongo wake haukauki.