Kukanda kiuno kwa mkono mwepesi: ninavyofanya hapa Lamu

Wengi wanaobisha hodi kwangu hapa Langoni ni watu wa kazi nzito: hamali wa gatini, mvunja mawe wa Maweni kule Manda, fundi wa milango aliyeinamia ubao tangu alfajiri. Karibu wote huja na ombi lile lile: "Nikande kwa nguvu, nisikie." Siku hizi huwakatalia.

Zamani nilikuwa nikikubali. Kijana mmoja wa mawe nilimbana kwa kiwiko mpaka akauma mto, naye akisema "hapo hapo, kaka, usiwache." Kesho yake aliletwa juu ya punda, hawezi hata kujifunga kikoi. Msuli unaoumia hujikaza ili kujilinda, nami nikawa nimeupa sababu ya kujikaza zaidi. Nyanya yangu mzaa mama, aliyenifunza kazi hii, alicheka kwanza, kisha akaninunia siku mbili.

Mkando ninaoueleza hapa ni ule mwepesi, ambao mtu wa nyumbani anaweza kumfanyia mwenzake. Kwetu mwanamume humkanda mwanamume na mwanamke humkanda mwanamke, isipokuwa mke na mume. Mgonjwa akiona sitara yake imehifadhiwa, mwili hulegea wenyewe na nusu ya kazi imekwisha.

Kabla ya mafuta, uliza

Maumivu yameanzaje? Kama ameanguka mnazini, kama mguu umelegea ghafla, kama anasikia ganzi mapajani kwa ndani na sehemu za siri, au mkojo umemzuia ama unamtoka bila yeye kujua, usimguse. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni kutafuta boti usiku. Mwenye homa pamoja na maumivu ya mgongo, anayekonda bila sababu, au aliyewahi kuugua saratani, naye aanze kwa daktari. Mjamzito aulize mkunga wake kwanza. Na kigimbi kimoja kikiwa kimevimba na kina moto, kiache kabisa: huenda ni damu iliyoganda, na donge likichomoka linaweza kwenda mapafuni.

Hatua ya 1: Mlaze vizuri

Mkeka na godoro jembamba vinatosha. Kitanda cha kamba kinazama na kiuno kinapinda. Alale kifudifudi, mto mmoja chini ya tumbo, mwingine chini ya vifundo vya miguu. Asiyeweza kulala hivyo, mkalishe kitini akiegemea meza. Nawe kata kucha.

Hatua ya 2: Moto

Chovya taulo katika maji ya moto, likamue, lijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, kisha liweke kiunoni dakika 10 hivi ukilibadilisha likipoa. Wazee hukaanga chumvi ya mawe wakaifunga kitambaani. Inashika joto sana, na kwa sababu hiyo hiyo nimeona migongo iliyoungua. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia za ngozi usimwekee moto. Jeraha jipya lililovimba, vivyo hivyo.

Hatua ya 3: Weka mikono, basi

Mafuta ya nazi au ya simsim, kijiko kimoja, yapashe viganjani. Halafu weka viganja viwili kiunoni bila kusugua. Fuata pumzi zake, kama kumi. Watu huiruka hatua hii kwa sababu wanaona hawafanyi kitu. Ukitulia utasikia upande mmoja wa kiuno umepanda zaidi, au una joto zaidi. "Mkono una mato," yaani macho, nyanya alikuwa akiniambia, na mimi kwa utoto wangu nikitazama kiganja changu.

Hatua ya 4: Pitisha polepole

Panda kutoka kiunoni hadi mabegani, mkono huku na huku wa uti wa mgongo, usipite juu ya mfupa wenyewe. Rudi chini kwa ubavuni, wepesi zaidi. Safari ya kupanda ichukue kama sekunde 15, yaani sentimita 3 hivi kwa sekunde. Mwendo huo una sababu: ngozi yenye vinyweleo ina mishipa ya fahamu inayoitikia vizuri zaidi mguso wa polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Na tangu 1965, wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walipoeleza kwamba uti wa mgongo una kama lango la maumivu, na kwamba mguso unaweza kulifunga kiasi, tumepata jibu la kwa nini mtoto akijigonga hujisugua.

Kuhusu nguvu, fikiria unabonyeza embe la ngowe sokoni kujua limeiva: unasikia ulaini ndani, na mwenye meza hakugombezi. Rudia mara sita au saba.

Hatua ya 5: Viringisha, kisha ondoka

Kando ya uti utagusa msuli mrefu kama kamba ya jahazi. Weka kidole gumba juu yake, vuta ngozi kidogo kuelekea kwenye uti, subiri atoe pumzi, kisha kiviringishe kidole kikivuke msuli kwenda nje, mara moja tu. Kushoto, kisha kulia. Basi. Mfunike shuka, ondoa mikono, ngoja dakika 2 kamili.

Nyanya akifika hapa huinuka akaenda kuangalia mofa zake jikoni. Nilidhani ni njaa. Miaka mingi baadaye nikasoma habari za mkandaji Tom Bowen wa Geelong, Australia, aliyefariki 1982: wanaofuata njia yake nao hugusa kidogo, wakamwacha mgonjwa dakika kadhaa, mara nyingi wakatoka hata chumbani.

Rudia mahali pawili au patatu zaidi, ukipanda. Akikunja uso au kuzuia pumzi, umezidisha.

Hatua ya 6: Matako

Kwa hamali, mara nyingi kiuno kinalalamika lakini aliyekaza ni msuli wa tako. Juu ya nguo, kwa ngumi iliyolegea, egemea kidogo na utulie.

Hatua ya 7: Kuinuka

Ageuke ubavu kwanza, ajisukume kwa mkono, akae kidogo, ndipo asimame. Kisha atembee kichochoroni mpaka baraza ya jirani na kurudi. Mwambie wazi kwamba nafuu inaweza kuwa ya siku chache, na kwamba hukumponya diski, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya uti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliutaja ukandaji pamoja na mazoezi, ingawa ushahidi wake si mzito. Kwa hiyo atembee kila siku; kulala wiki nzima kunamkaza zaidi. Mkande tena baada ya siku tatu.

Yule kijana wa mawe bado huja. Siku hizi katika zile dakika mbili hukoroma. Mgonjwa wako akikoroma nawe usimwamshe, muache mpaka ageuke mwenyewe.