Lizi ya flati inakaribia kwisha? Anzeni na hati mama

Flati nyingi za Mombasa, kisiwani na hata Nyali, ziliuzwa kwa lizi ndogo, yaani mkataba wa kumiliki flati kwa miaka maalum uliotolewa chini ya lizi kubwa ya kiwanja. Kiwanja kizima kina hati moja, ndiyo hati mama, na lizi ya kila flati imekatwa ndani ya hati hiyo, muda wake ukiwa mfupi kuliko wa hati hiyo kwa siku chache tu. Ndiyo maana mwenye flati hawezi kujiongezea miaka peke yake. Kinachoongezwa ni lizi ya kiwanja, na mwombaji ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati mama.

Basi hatua ya kwanza ni kufanya sachi rasmi (kutazama rekodi za sajili ya ardhi) ya kiwanja, si ya flati. Utahitaji nambari ya kiwanja, kwa mfano inayoanza na MN/I (Bara Kaskazini) au Mombasa/Block, na nambari ya CR, yaani ya usajili wa hati, kama hati ni ya zamani. Usiichanganye na CR12, karatasi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Hiyo nayo mtaihitaji baadaye. Kwenye sachi tazama mwenye hati, muda wa lizi na tarehe ulipoanza, kodi ya ardhi ya mwaka, na kama kuna rehani au zuio. Hesabu kwa tarehe iliyoandikwa. Lizi ya miaka 99 iliyoanza 1 Januari 1938 inaisha 31 Desemba 2036, hata kama flati uliinunua 2015. Wengi huanza kuhesabu siku waliyokabidhiwa ufunguo, hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Tazama pia aliyetoa lizi. Ikiwa ardhi ni ya wakfu au ya mtu binafsi, mazungumzo ni naye moja kwa moja, kwa masharti ya mkataba wenu. Yanayofuata hapa yanahusu lizi ya serikali.

Kanuni za 2017 za kuongeza na kufufua lizi zinaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi imwarifu mwenye lizi ndani ya miaka mitano ya mwisho. Tatizo ni kwamba barua huenda kwa anwani iliyo kwenye rekodi, na mara nyingi hiyo ni sanduku la posta la mjenzi aliyefunga ofisi zamani. Msiingoje. Ikibaki miaka kumi au kumi na tano, mkutane. Kuna sababu nyingine ya kutochelewa: Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, inayompa kila mwenye flati hati yake mwenyewe, inataka lizi ya kiwanja iwe na angalau miaka 21 iliyobaki. Benki nazo hukataa flati yenye miaka michache.

Kinachokwamisha kazi hii zaidi ni jina. Mjenzi aliahidi kwamba flati zikishauzwa zote ataihamishia hati mama kampuni ya usimamizi ya wakaazi, kisha hakufanya. Ikiwa kampuni yake bado hai, wakili wenu adai uhamisho huo kwanza. Ikiwa imefutwa kwenye sajili, itabidi iombwe irudishwe. Ikiwa hati ni ya marehemu, mirathi itangulie. Kwa Waislamu mara nyingi kupitia Mahakama ya Kadhi. Mambo haya yanakula muda kuliko ombi lenyewe.

La pili, ambalo wakaazi wa Nyali hulisahau, ni uraia. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa mwenye lizi iliyoisha haki ya kufikiriwa kwanza, mradi awe Mkenya na ardhi isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma. Katiba, kifungu cha 65, inaihesabu kampuni kuwa ya raia ikiwa tu wenyewe wote ni raia. Mgeni mmoja mwenye hisa kwa sababu ya flati yake anaibadilisha kampuni nzima. Ombeni mapema, lizi ikiwa bado hai, na mwelezeni wakili jambo hili waziwazi.

Kwenye faili ya ombi wekeni nakala ya hati, sachi ya karibuni, azimio la mkutano wa wenye flati lililotiwa saini, CR12, nambari za KRA, na vyeti viwili vya kutodaiwa: cha kodi ya ardhi kutoka wizarani na cha reti, yaani kodi ya kaunti, kutoka Kaunti ya Mombasa. Kulipa kimoja si kulipa kingine. Kama kuna rehani, pateni idhini ya benki kwa maandishi.

Ombi huzungushwa kwa wapima ardhi, wapangaji wa mji na kaunti ili watoe maoni. Afisa akija kukagua ataona ghorofa iliyoongezwa bila kibali, au duka chini ya jengo lililosajiliwa kuwa la makazi. Tengenezeni hayo kabla hajaja.

Mkikubaliwa mtapewa barua ya toleo (letter of offer) yenye muda mpya, kodi mpya iliyokadiriwa upya na ada za kulipa. Barua ina siku zake, kwa hivyo mchango uwe umeshakusanywa. Amueni mapema kama mnagawana sawa au kwa ukubwa wa flati. Flati ya vyumba vitatu na ya chumba kimoja zikitozwa sawa, ugomvi hauepukiki. Msisalimishe lizi ya zamani kabla ya kuwa na barua hiyo mkononi.

Hati mama mpya ikishasajiliwa, wengi husherehekea na kwenda zao. Lakini lizi ya flati yako bado inasema tarehe ile ile ya zamani. Kila flati iandikiwe lizi ndogo mpya au, bora zaidi, mtu wa kupima achore ramani ya sehemu na wote mchukue hati za sehemu kwa mkupuo mmoja, wakati wakili na mpima bado wako kazini.