Ya nani? Kumfundisha mtoto "yangu", "yako" na "yake" wakati wa kukunja nguo

Mtoto wa miaka miwili akiulizwa "Kofia hii ni yako?" huenda akajibu: "Ee, yako." Si ukaidi. Kila siku anaisikia kofia ile ikiitwa "yako", basi anadhani ndilo jina lake. Kofia ni ileile. Anayebadilika ni msemaji, na mkiwa wawili tu ni vigumu kuligundua hilo. Kwa hiyo muwe watatu: mzazi, dada au kaka mkubwa, na mtoto.

Wakati mzuri ni mkishaanua nguo. Chagua nguo sita, mbili za kila mmoja, ambazo mtoto anawajua wenyewe. Inua moja moja, maana ukishika mbili "yangu" inageuka "zangu". Uliza: "Ya nani?" Ukiuliza "Ni yako?" umempa neno la kurudia. Mkubwa ajibu kwanza, mkono kifuani: "Yangu!" Mtoto asikie mara kadhaa kabla ya zamu yake. Akikosea, usimwambie "Hapana, ni yako", utamvuruga zaidi. Weka kiganja chake kifuani pake, mseme pamoja: "Yangu." Au vaa kofia yake ndogo, utangaze: "Yangu!" Hapo kwa kawaida anapinga, na neno linatoka lenyewe.

Kuelewa hutangulia kusema, kwa hiyo mjaribu pia kwa kumtuma: "Mpe dada nguo yake." "Niletee yangu." Macho yako yabaki usoni pake, ukiitazama nguo, atafuata macho, si neno.

"Yetu" ingoje. Itafika kwenye bugali (ugali) na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, za sahani moja, mahali ambapo kufundisha "yangu" ni kutafuta ugomvi.

Halafu kuna ngeli, yaani makundi ya majina. Nyumbani hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wengi tunasema "kikombe yangu". Shuleni ataambiwa "kikombe changu". Hiyo ni kazi nyingine. Kama kikombe ni chake kweli, amepatia: mwenye kikombe amemjua. Mjibu tu, "Ee, kikombe chako kile," bila kumkatiza. Ukisahihisha mwenye kitu na ngeli kwa pamoja, hatajua kosa ni lipi. "Yangu" na "yako" zikishakaa, anza na kiatu, kijiko na kikombe, kwa kuwa "ch" inasikika wazi. "Mkate wangu" ufuate, na "shati langu" liwe la mwisho.